Mnyama wa Miguu Mitatu Juu ya Paa la Shangazi

Jumamosi ile juu ya paa la ploti yetu mliniona nikimnyang'anya Wanjiru simu mkononi kwa sababu tu alikuwa anapiga picha ya mwezi. Mliacha nyama ikaungua kwenye jiko, mkatazamana. Tangu siku hiyo mnaniuliza mmoja mmoja, kwa sauti ya chini kama mnaongea na mgonjwa, ni nini kilinipata Masinga na kwa nini viganja vyangu viko hivi. Nimechoka kusimulia vipande vipande. Nimekaa nikaandika yote kwa mpangilio. Someni mara moja, kisha mniache. Wanjiru nimeshamwomba msamaha.

Shangazi yangu Nduku mnamjua kwa jina. Ni dada mkubwa wa baba, ni mjane wa Muema, na ndiye aliyenilea. Anaishi peke yake karibu na bwawa la Masinga, kwenye shamba la mteremko. Mwezi wa kumi, mawingu yalipoanza kukusanyika, alinipigia simu. Shangazi huongea kwenye simu kama mtu aliyeshika chungu cha moto.

"Mwende, mwethya wamenikataa. Njoo. Uje na mpini wa jembe, wangu umevunjika."

Akakata.

Kwa nyinyi ambao si Wakamba: mwethya ni kikundi cha majirani wanaolimiana kwa zamu. Leo kwako, kesho kwangu. Wengine wanashika majembe, mwenye shamba anapika uji. Kule Masinga kazi kubwa kabla ya mvua ni kuchimba mitaro ya fanya juu, ile ambayo unachimba mfereji kukata mteremko na udongo unautupa upande wa juu. Isipochimbwa, mvua ikija inabeba mbegu na udongo hadi bwawani. Mwanamke wa umri wa shangazi hawezi kuichimba peke yake. Kukataliwa na mwethya ni kuambiwa ukae bila chakula mwaka mzima, na wanaokuambia ni watu ambao mashamba yao umeyachimba tangu ujana wako.

Nilinunua mpini mzuri wa mti mgumu, nikaomba ruhusa kazini, nikaondoka.

Mlolongo hadi Machakos, juu ya kokoto

Wafula, yule dereva anayebeba kokoto kutoka machimbo yetu, aliniambia anapita Machakos "sasa hivi tu". Nilipanda lori lake asubuhi nikiwa na mkoba mmoja na mpini. Hatukuwa tumetoka Mlolongo hata kidogo tulipofika kwenye foleni ya mizani, na pale tukakaa. Zamu yetu ilipofika, lori likaonekana limezidi uzito. Wafula alikuwa amepitia kwa rafiki yake akaongeza mzigo wa mawe bila kumwambia mtu. Ikabidi tusogee kando na kushusha.

Utingo wake alikuwa ameshatoroka kwenda kunywa chai.

"Madam," Wafula akasema, akinipa beleshi la pili, "wewe si mtu wa ofisi leo. Saidia kidogo tufike."

Nikashuka. Nilikuwa na viatu vya mjini. Tulishusha kokoto kando ya barabara jua likiwa utosini, malori mengine yakitupita na madereva wakipiga kelele za mzaha.

"Na hiyo mti ni ya nini?" Wafula akauliza. "Unaenda kupiga bwana?"

"Sina bwana."

"Basi unaenda kutafuta mmoja kwa nguvu."

Nilicheka. Nimeandika hili kwa sababu ndicho kicheko pekee nilichopata safari nzima. Utingo alirudi tulipomaliza, akaniangalia nilivyojaa vumbi, akasema, "Pole madam, ningejua ningekunywa haraka." Hapo sikucheka.

Machakos mjini: kikombe na kitambaa

Tuliingia Machakos alasiri. Magari ya kuelekea Matuu yalikuwa yameshaondoka, kwa hiyo nikajua nitalala pale. Niliingia kwenye hoteli moja ndogo karibu na soko, nikaagiza muthokoi na mbaazi. Kwa hilo siwalaumu: mahindi yalikuwa yamekobolewa vizuri, mbaazi zimeiva hadi zinapondeka, na kitunguu kilikuwa kimekaangwa hadi ukingoni pa kuungua, vile ninavyopenda. Mhudumu, mwanamume mnene mwenye aproni ya bluu, aliniomba niache mpini mlangoni. "Hatujui roho yako iko aje leo," akasema, na wateja wakacheka.

Nikiwa katikati ya sahani, akatoa simu yake kwa watu wa meza ya pili.

"Nyinyi mmeona mnyama wa Masinga?"

"Leta tuone."

"Nimetumiwa na mtu wa samaki. Fungua bluutuuthi yako nikupatie."

Simu ikapita mkono kwa mkono. Wengine wakasema "Aiya!" na kushika vifua. Mmoja akasema ana vichwa saba, mwenzake akamwambia ahesabu vizuri. Ilipofika kwangu nikaangalia.

Ilikuwa picha ya jioni, giza limeanza kuingia. Chini kulikuwa na mtaro mpya, udongo umetupwa juu. Katikati kulikuwa na paa la mabati, na kwenye paa hilo bati moja lilikuwa jipya na mengine yameshika kutu. Bati hilo nililinunua mimi. Juu ya paa kulikuwa na kitu. Kilikuwa na kichwa cha mviringo, kikubwa, cheupe katikati na kijani pembeni, na chini ya kichwa miguu mitatu myembamba iliyonyooka kuelekea paani kama inataka kutua.

"Huyo mama anamfuga," mhudumu akasema. "Jioni anamtoa anyooshe miguu. Ng'ombe za majirani zinakauka maziwa."

"Hiyo nyumba ni ya shangazi yangu," nikasema.

Mhudumu akachukua simu yake polepole, akaipangusa kwenye aproni.

"Pole, dada. Na wewe, umewahi kulala humo?"

"Nimekulia humo."

Nililipa nikainuka. Nikiwa mlangoni naokota mpini wangu, niligeuka nikamwona anaondoa vyombo vyangu. Sahani za wengine alizibeba kwa mikono mitupu. Kikombe changu alikishika kwa kitambaa.

Mimi ni mtu wa kuandika hesabu za malori. Sina hasira za haraka, mnanijua. Lakini nilitembea mitaa ya Machakos jioni ile nikiwa nimeukaza mpini ule hadi vidole vikaniuma. Nilikuwa sijafika nusu ya njia, na lile jambo lilikuwa limeshafika kabla yangu, likala chakula na kucheka na watu.

Kupitia Matuu: breki za mama wa samaki

Kesho yake nilifika Matuu kabla ya saa sita. Pale stendi nikapata pikapu ya mama mmoja mfanyabiashara wa samaki, anarudi bwawani na kreti tupu. Alinikaribisha mbele, kati yake na dereva. Alikuwa mcheshi kweli. Alininunulia hindi la kuchoma, akanifundisha jinsi ya kumjua samaki wa jana aliyemwagiwa maji aonekane wa leo, akalaumu serikali, akalaumu wakwe zake, akaniita "mwanangu" kila sentensi ya pili. Barabara ilikuwa vumbi tupu na kreti ziligongana nyuma yetu kama ngoma mbovu. Nikaanza kujisikia mtu tena.

"Sasa wewe unashukia kwa nani huko?" akauliza tulipoanza kuona maji ya bwawa kwa mbali.

"Kwa Nduku wa Muema. Ni shangazi yangu."

Alitafuna hindi lake kwa muda mrefu. Kisha akamgusa dereva.

"Si ulisema breki ziko na shida?"

Dereva akamtazama. "Breki?"

"Breki, Mwangangi. Ulisema."

"Aaa. Eee. Breki."

Wakanishusha pale pale, mahali pasipo na duka wala kivuli. Mama yule hakunitazama usoni. Alisema tu, "Usikasirike mwanangu, mimi niko na biashara, watu wakisikia gari yangu imefika kwa hiyo nyumba hakuna atanunua samaki." Halafu pikapu ikaondoka kwa kasi, na pale kwenye kona ikashika breki vizuri sana.

Nilitembea saa nzima ya mchana mkali, mkoba kichwani, mpini begani. Mara mbili nilikutana na watu ambao waliponiona walihama njia. Sijui kama walimwogopa mpwa wa Nduku au mwanamke mwenye gongo na uso kama wangu siku ile.

Nyumbani: jembe lililofungwa waya

Shangazi nilimkuta shambani. Alikuwa amefunga jembe lake kwa waya kwenye kipande cha mpini wa zamani, kifupi kama mkono, kwa hiyo alichimba akiwa ameinama hadi magotini. Aliponiona hakukimbia kuja. Alinyoosha mgongo, akanyoosha mkono, akapokea mpini. Akaukagua, akaujaribu gotini, akausugua kwa kiganja.

"Huu ni mzuri," akasema. Ndipo akanisalimia.

Jioni tulikula isyo, mahindi na maharagwe bila mafuta. Kwenye nyumba iliyo karibu na bwawa, hapakuwa na samaki. Hakuna aliyekubali kumuuzia. Na pale mezani akanieleza jambo lenyewe, nami nawaeleza kama alivyonieleza.

Mwethya wao una mradi unaowasaidia mbegu na vifaa. Mradi unataka kuona mitaro iliyochimbwa, kwa hiyo ulikipa kikundi simu moja ya kamera. Inakaa kwa mwenyekiti, Mama Ndunge, kwenye mfuko wa kitambaa shingoni. Baada ya muda simu ile ikawa na kazi nyingine. Mtu akisema amechimba na hakuchimba, simu inaonyesha. Mbuzi wakiingia shamba la mtu, simu inasema ni wa nani. Ugomvi wa miaka ulikwisha kwa kubonyeza kitufe. Watu wakawa wanasema simu ya kikundi haina ujamaa, haipendelei mtu.

Hata Mama Kioko, jirani wa shangazi, walimfukuza kwenye kikundi kwa picha. Picha ya jioni, imepigwa kutoka mbali, ilionyesha mtaro wake haujachimbwa. Yeye alilia kwamba ulikuwa umechimbwa, giza tu limeujaza. Wakamwambia simu haina ujamaa.

Sasa siku moja kikundi kilichelewa kuchimba kwa shangazi, wamemaliza mtaro wa kwanza tu. Jua lilikuwa limezama. Mama Ndunge akasimama chini ya mteremko, akavuta picha karibu kwa vile vitufe, akapiga. Alipoangalia, akapiga yowe. Wote wakakusanyika. Wakaona mnyama kwenye simu. Wakainua macho kwenye paa, wakaona nyota.

"Nyota gani?" nikauliza.

Shangazi akanitoa nje kwa mkono. Jua lilikuwa limezama kitambo kidogo na magharibi kulikuwa bado na wekundu. Pale juu kidogo ya paa ilikuwa ile nyota kubwa ya jioni, tuliyoiona maisha yetu yote, ikiwaka peke yake.

"Hii," akasema.

"Hukuwaambia?"

"Niliwaambia. Mama Ndunge akasema, 'Ndiyo, Nduku, tunaona nyota. Ndivyo umefanya macho yetu yaone. Lakini simu huwezi kuiroga.'"

Someni hapo tena, rafiki zangu, kwa sababu ndipo nilipochemka. Watu kumi na kitu walitazama kwa macho yao wenyewe, wakaona nyota. Na kule kuona nyota kukawa ndio ushahidi. Kadiri macho yalivyosema hakuna kitu, ndivyo shangazi alivyoonekana mchawi hodari zaidi. Ungejiteteaje mbele ya akili kama hiyo?

Uwanja wa kanisa: kugeuza simu

Nilimfuata Mama Ndunge kwake asubuhi. Ni mwanamke mrefu, msafi, anayeongea taratibu. Si mtu mjinga hata kidogo, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Nilimwomba nione simu. Akasita, akanipa, ila hakuuachia mfuko.

Niliielekeza kwenye jua. Kile kioo kidogo cha kamera kilikuwa kimemeguka pembeni. Pale kilipomeguka palikuwa na nyuso tatu ndogo zinazometameta, kama jiwe la kokoto lililopasuliwa vizuri. Kokoto nazijua.

"Hii ilianguka lini?"

"Ilianguka kwa mawe wakati wa kuvuna. Lakini inapiga picha sawa."

"Nipe nafasi kwenye mkutano wenu wa kesho jioni."

"Mkutano ni wa wanachama."

"Shangazi yangu ni mwanachama, ama mmeshamwondoa bila kumwambia?"

"Njoo," akasema.

Walikutana uwanjani pa kanisa, wamekaa kwenye mabenchi waliyoyatoa nje. Shangazi alikaa benchi la mwisho na hakuna aliyekaa naye. Giza lilipoanza kuingia, nikamwomba mlinzi wa kanisa taa yake ya chemni, akaenda kusimama nayo mwisho wa uwanja. Nikamwambia Mama Ndunge apige mwenyewe. Avute karibu, kama siku ile.

Akapiga. Akaangalia. Kichwa cha mviringo, kijani pembeni, miguu mitatu.

Simu ikazunguka. Kisha mzee mmoja, Kilonzo, mhazini wa kikundi, akasema kwa sauti, "Si amekuja naye huyu msichana wa Mlolongo!"

Watu wakacheka. Nikangoja wamalize. Sauti yangu niliishikilia kama unavyoshikilia mbwa.

"Piga ile nyota," nikamwambia Mama Ndunge. Nyota ilikuwa juu ya paa la kanisa. Akapiga. Mnyama akaonekana juu ya kanisa, miguu mitatu imeelekea msalabani.

"Kanisa pia linafuga?" nikauliza.

Hapo hakuna aliyecheka.

"Mbona mchana hatumwoni?" mwanamke mmoja akauliza, na swali lake lilikuwa la haki.

"Mchana mwanga uko kila mahali, mama. Miguu inapotelea ndani yake. Jioni kuna nuru moja tu gizani. Simu haioni vizuri, inajikaza, inaipanua ile nuru hadi inakuwa kichwa. Na kile kioo kilichomeguka kinaimwaga upande mmoja mara tatu. Sasa tazameni. Mama Ndunge, geuza simu juu chini. Shika hivyo hivyo upige nyota na paa."

Akapiga simu ikiwa imepinduliwa, akairudisha wima kuangalia, kanisa likaonekana kichwa chini. Kisha nikamwambia aigeuze tena ili kanisa lisimame wima kwenye kioo. Kanisa likasimama. Nyota ilikuwa palepale juu ya paa. Lakini miguu mitatu sasa ilikuwa imeelekea juu, mbinguni, kama mende aliyelala chali.

"Mnyama gani huyu," nikasema, "anayepinduka kwa sababu mmegeuza simu?"

Simu ilizunguka tena, polepole. Niliona nyuso zao. Walielewa. Naapa walielewa, hata Kilonzo aliyekuwa akijikuna shingo. Nilimgeukia shangazi ili nimwone akifurahi. Yeye alikuwa akimtazama Mama Ndunge tu.

Mama Ndunge aliirudisha simu mfukoni, akafunga kamba.

"Tumekusikia," akasema. "Sasa nisikilize na wewe. Tukisema leo simu ilidanganya, kesho Mama Kioko atakuja kutuuliza kuhusu mtaro wake. Keshokutwa wenye mbuzi watakuja. Mradi watauliza picha zetu zote. Kikundi kitakufa. Hili jambo tutaliangalia msimu ujao."

"Msimu ujao atakuwa amekula nini?"

"Nimesema tutaliangalia."

"Mnajua ni nyota!"

"Usitupigie kelele, msichana. Hapa ni kanisani."

Nimewahi kuonewa na watu wasiojua. Hao unaweza kuwasamehe. Hawa walijua. Walikuwa wameona miguu ikipinduka, na bado wakarudisha mabenchi kanisani, wakarudi nyumbani kwao kula samaki.

Shangazi alinishika mkono tukiwa njiani. "Umesema vizuri," akasema. "Sasa kesho tuchimbe."

Mitaro

Tulichimba. Mpini ule mpya aliushika yeye, mimi nikachukua sururu. Udongo wa mwezi wa kumi ni kama saruji. Siku ya kwanza viganja vyangu vilitoka malengelenge, ya pili yakapasuka, na baada ya hapo sikuvitazama tena. Kila alasiri mawingu yalikuja juu ya bwawa, yakasimama, yakaondoka. Tulikuwa tunayaangalia kama unavyomwangalia mtu anayekudai anapita mlangoni.

Mama Kioko alitokea asubuhi moja na jembe begani. Aliingia kwenye mfereji, akapima kwa macho, akaanza upande wa pili.

"Mama Kioko, uko aje?" shangazi akamwita.

"Niko. Wanasema simu ilimeguka."

"Ilimeguka."

"Mtaro wangu ulikuwa umechimbwa, Nduku."

"Najua. Nilikuwa hapo. Niliuona kwa macho."

"Mbona hukusema?"

Shangazi alichimba mara kadhaa kabla hajajibu. "Nilidhani macho yangu ndiyo yana shida."

Mama Kioko akatema mate pembeni, akaendelea kuchimba. Hawakulirudia tena neno hilo. Nami sikumwuliza shangazi, ingawa usiku huo hasira yangu haikujua ilalie upande gani.

Tulikuwa watatu, na shamba lilikuwa kubwa kuliko watatu. Tulipofika kama nusu, Mama Ndunge akaja. Alikuja peke yake, amevaa vizuri, mfuko shingoni. Alisimama juu ya mtaro, akatusifu kazi. Kisha akatoa simu.

"Watu wa mradi wanakuja kuhesabu," akasema. "Acha nipige hii mitaro niiweke pamoja na ya wengine."

Nilipanda kutoka kwenye mfereji. Sijui ningemfanya nini. Lakini shangazi alifika kabla yangu. Alisimama mbele ya simu, jasho linamtiririka, akageuza jembe lake akamnyooshea Mama Ndunge ule mpini wa Mlolongo.

"Piga," akasema. "Lakini chimba kwanza."

Mama Ndunge aliangalia mpini. Akaangalia mawingu. Akamwangalia Mama Kioko, ambaye hakuwa ameacha kuchimba hata dakika moja. Akarudisha simu mfukoni, akaondoka.

Kesho yake asubuhi nilisikia vyuma vikigongana. Nikachungulia dirishani. Mwethya mzima ulikuwa shambani. Kilonzo, yule mwanamke wa swali, wote, na Mama Ndunge akiwa amevua viatu. Hawakubisha hodi. Hawakusema pole. Walikuwa wamepangana kwenye mteremko wanachimba, bila wimbo, na mwethya huwa unaimba. Sijui kama waliletwa na aibu au na watu wa mradi wanaokuja kuhesabu. Nimejiuliza sana na sijapata jibu, na kwangu linabaki chungu.

Shangazi alitazama kidogo. Kisha akawasha moto kupika uji.

Nilimwona anapima unga na nikataka kumzuia mkono. Mwenye shamba huwapikia mwethya, hiyo ni desturi. Wanaochimba wanajua uji unakuja, na harufu yake ikitoka wanaanza kunyoosha migongo. Walinyoosha. Shangazi akatoka na sufuria ndogo, ile ya nyumbani, na vikombe vitatu. Akapita katikati yao wote, taratibu, akiwasalimia kwa majina. Kilonzo, hujambo. Mama Ndunge, hujambo. Akafika kwa Mama Kioko, akammiminia. Akanimiminia mimi. Akajimiminia yeye.

Tukanywa tumesimama, pale katikati. Uji ulikuwa mzito na moto, na hatukuharakisha.

Mama Ndunge alikunywa maji kutoka kwenye chupa yake, akaipitisha kwa Kilonzo. Hakuna hata mmoja aliyelalamika. Kisha wakainama tena, na mtaro wa mwisho ukafika kwenye mpaka kabla ya tone la kwanza kuanguka.